Nilifunga Duka la Mwanangu Msibani

Kwa aliyefungiwa maandazi katika gazeti la Jumapili iliyopita kabla hajalisoma, nitarudia kwa ufupi.

Jina langu Mbarouk. Nilianza maisha kwa kubeba mizigo bandarini, nikasoma shule ya usiku, nikamaliza kazi nikiwa karani mwenye meza yake. Mwanangu ni mmoja tu, Yusra. Aliolewa Bububu, nje ya mji, na Talal, kijana mpole, fundi wa kompyuta. Yusra alikuwa akiuza manukato ya harusi, singo ya kusugulia mwili, udi na dalia, kwa maharusi wa kwetu walioko Maskati, London na kwengineko. Duka lake halikuwa na mlango wala kufuli. Lilikuwa tovuti.

Duka likakua. Mwanzo lilipangishwa kwenye seva, yaani mashine inayobeba tovuti, pamoja na maduka ya watu tusiowajua, na kila msimu wa harusi likawa linakwama. Ikabidi lihame. Yusra alitaka kampuni ya nje ambayo mteja wake mmoja wa Maskati aliisifu. Mimi nikakataa. Nilisema mtu mwenye nyumba yake hapangi chumba. Nikashinda. Seva ikanunuliwa, Talal akaiweka kwenye ujia wa nyumba yao, nyuma ya pazia linalotenga ukumbi na upande wa wanawake.

Kisha Talal akafa, ghafla, kwa presha, hata mvi hajaota.

Siku ya khitma ya kumwombea, tumeshika juzuu, ile mashine ikawa inalia. Talal aliitengeneza igonge kila mtu anaponunua, na sauti aliirekodi mwenyewe: vikombe viwili vya kahawa vinavyogonganishwa, kama afanyavyo muuza kahawa. Tunasoma, inagonga. Tunasoma, inagonga. Nikaona haya mbele ya wazee wenzangu. Nikainuka, nikaingia nyuma ya pazia, nikachomoa waya. Nilijua ninachokifanya. Nililelewa kwamba msiba ukiingia, duka hufungwa.

Matanga yalipokwisha nikaurudisha waya. Mashine haikuwaka.

Sikumwambia mtu.

*

Yusra aliniita chumbani kwake. Alikuwa ndani ya eda, hatoki, hajipaki kitu, hata sabuni ya kunukia hagusi. Mtu ambaye riziki yake ni manukato.

"Baba, simu zinafuatana tangu juzi. Watu wanasema duka halifunguki."

"Labda umeme," nikasema.

"Umeme upo. Feni hiyo inazunguka."

"Labda ulikuja na kuondoka."

Akanitazama kwa yale macho ya marehemu mama yake. Hakunishuku. Laiti angenishuku.

"Baba, duka hili ndilo mguu wangu. Wengine wakiwa edani wanatizama ukuta. Mie nnafanya kazi. Bi Bahiya anachanganya kule jikoni, mlango kaufunga harufu isinifikie, akimaliza anakosha mikono mpaka viwiko ndo anakuja kuniuliza, 'Wa London anataka udi wa kiasi gani?' Namjibu kutoka kwenye duka. Duka lisipofunguka, ntamjibu nini?"

Bi Bahiya ni mama yake Talal. Mwanawe ndo kwanza ametiwa kaburini, naye ameshika kinu na mchi ili mkwewe asikae mikono mitupu. Ndiye mikono ya Yusra, na lile duka ndilo macho yake.

"Ntamleta Mwalimu Ayoub," nikasema.

Ayoub ndiye anayetufundisha kompyuta jioni pale Mkunazini, mimi na wastaafu wenzangu wachache tusiotaka kufa wajinga. Nilimwita kama mtu anayemwita daktari ilhali anajua sumu kaitia yeye.

*

Akaja baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, Mzee Mbarouk."

"Marahaba."

"Poleni na msiba. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Yusra aliketi upande wa pili wa pazia, kama sheria ya eda inavyotaka, tukawa tunasikia sauti yake tu. Ghanim, kaka yake Talal, alikuja kusimama kichwani mwa fundi, mikono nyuma. Siku ya khitma yeye alikuwa nje chini ya turubai akipokea wageni. Bi Bahiya alikuwa mlango wa jikoni, ushungi mabegani, unga wa sandali ungalipo kwenye kucha.

Ayoub akaifungua ile mashine, akaunganisha waya zake, akasikiliza. Ndani kulikuwa na sauti ya kukwaruza, kama panya juu ya bati.

"Diski imekufa," akasema.

"Zote mbili?" Yusra akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Zote mbili. Ile ya akiba nayo ilikuwa humu humu."

"Vyote vilivyomo?"

"Nitajaribu, dada yangu. Sikuahidi kitu."

Pazia likasogea. Kisha likasema, taratibu kabisa:

"Nna maharusi wa mwezi wa Shaabani. Kila mmoja na vipimo vyake, na anuani yake, na siku ya singo yake. Yote yalikuwa humo. Sasa wamenilipa wananisubiri, na mie siwajui hata majina."

Hakulia. Angelia ningepata pa kujificha.

"Lakini kwani kulikuwa na haja gani," Ghanim akasema, "ya kuweka duka la watu ujiani kama ndoo ya maji?"

Nikajua sasa zamu yangu imefika. Yusra akaniwahi.

"Baba ndiye aliyeshauri, shemeji. Na hakukosea. Baba kapanga vyumba ujana wake wote. Mwenye nyumba alikuwa akimtolea godoro nje mbele za watu. Alitaka changu kiwe changu."

Nilitamani anitukane. Mtoto akikutukana unayo haki ya kukasirika. Akikutetea, unabaki nini?

Ghanim akatikisa kichwa. "Basi marehemu, Mungu amrehemu, alifunga vibaya. Ndugu yangu alipenda vitu vya kuungaunga. Nilimwambia siku zote."

"Shemeji, msimseme asiyeweza kujibu."

"Nnasema kweli, Yusra. Mtu kakuachia mtoto wa bati ndani ya nyumba, leo kafa nae."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango wa msikiti. Maiti anasingiziwa, na mimi niliye hai nimesimama, tasbihi mkononi, nahesabu chembe.

Nikahesabu chembe.

Aliyemtetea Talal alikuwa Ayoub.

"Bwana Ghanim, usiseme hivyo. Kafunga vizuri kuliko maofisi mengi niliyoyaona. Njoo utizame. Hii ni betri ya akiba, na ni nzima. Umeme ukikatika betri inaishika mashine, mashine inamaliza inachoandika, inajizima yenyewe kwa adabu. Haiwezi kufa namna hii kwa umeme kukatika."

"Basi imekufaje?"

"Waya umechomolewa hapa, baina ya betri na mashine. Yaani imezimwa na mkono wa mtu, wakati inaandika. Ni sawa na mtu anameza tonge, wewe umkabe koo."

Feni ya ukumbini ilikuwa inazunguka. Niliisikia kila bawa.

"Nani?" Yusra akauliza.

Ayoub akauweka waya chini.

"Nauliza, nani kaizima mashine ya mume wangu?"

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini kabla ulimi haujapata njia, mtu mwengine akasema.

"Mimi."

Alikuwa Bi Bahiya.

*

Ghanim akamshika Ayoub mkono akamtoa barazani. Kuna maneno ambayo mgeni hasikilizi. Yusra akalivuta pazia akatoka, uso umemkauka.

"Wewe, Mama?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilinikera." Bi Bahiya alisema hivyo huku akijipangusa kucha kwa ncha ya ushungi. "Mwanangu yuko ardhini, na kitu kinagonga ukumbini kama tuko harusini. Nikachomoa."

"Ulijua ni nini?"

"Nilijua ni mashine."

"Ile sauti ilikuwa yake, Mama. Talal aligonga vile vikombe kwa mikono yake, hapo mezani, mie nimemshikia simu. Kagonga mara ngapi kabla hajaridhika! 'Hapana, hii kama kijiko. Tena.' Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha mikono yake. Kikilia nnajua mtu kanunua, na nnajua Talal yupo."

Bi Bahiya akashika kizingiti. Nadhani hilo alikuwa halijui. Mimi nililijua. Talal mwenyewe alinihadithia, akicheka.

"Na ulinyamaza," Yusra akaendelea. "Umekuja chumbani kwangu, umeniuliza udi kiasi gani, dalia kiasi gani, na unajua hakuna duka tena. Ulikuwa unanichezea?"

"Sikukuchezea, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Akarudi chumbani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole, na komeo likasukumwa.

*

Nilimfuata Bi Bahiya jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kinu kimelala mbele yake.

"Bi Bahiya, kwa nini umesema vile?"

"Kwani nani alikuwa aseme? Wewe?"

"Nilikuwa nataka kusema."

"Bwana Mbarouk, nilikuwa naleta sinia la kahawa. Nilikuona umeinama, waya uko mkononi. Nikarudi nyuma usinione, maana nilikuonea haya. Tangu siku ile nakusubiri. Umekaa na sie, umekula na sie, umetikisa kichwa kila anapouliza."

Nimesoma vitabu vingi, hakuna hata kimoja kilichonipa jibu la mwanamke yule.

"Basi ungenitaja," nikasema.

"Ningekutaja nipate nini?" Akainua macho. "Mimi nshamzika wangu. Yusra mama hana, mume hana. Amebakiwa na wewe. Nikikutaja, leo hii anakuwa hana mtu. Mie atanichukia wiki moja, atarudi. Tuna kazi pamoja, tutapatana mbele ya kinu. Lakini baba ukimchukia, unarudi wapi?"

"Mungu akulipe."

"Mungu anilipe, ndiyo. Na wewe jifunze kitu, maana unapenda kujifunza. Umesoma, umefundishwa hizo kompyuta, unatuambia sisi ni wa zamani. Duka lile halikuwa lako kulifunga. Wala si langu. Ungemuuliza mwenyewe: 'Yusra, tuzime?' Labda angesema zima. Lakini hukumuuliza. Hukumuuliza pa kuliweka, wala hukumuuliza kabla ya kulizima."

Hayo aliyasema bila kupandisha sauti, kisha akaanza kupepeta sandali kana kwamba mimi sipo.

*

Nilitoka barazani kumsindikiza Ayoub. Alikuwa amezifunga zile diski kwenye kitambaa.

"Nitazijaribu, Mzee. Lakini duka litafutiwe pengine hata leo. Jina la tovuti bahati nzuri limeandikishwa kwa Bi Yusra mwenyewe, marehemu alikuwa mtu mwangalifu. Likiwa na jina, nyumba inapatikana."

"Kampuni gani?"

"Mwulize mwenye duka."

Sauti ya Yusra ikatoka dirishani, juu yetu. Alikuwa akitusikiliza nyuma ya ubao wa dirisha.

"Mwalimu, safari hii nitachagua mwenyewe. Sitaki kujua nani mkubwa wala nani rahisi. Nataka kujua nakala ya duka langu inalala nyumba gani nyengine, mbali na mashine yenyewe. Nataka nikipiga simu Ijumaa mchana apokee mtu. Na nataka pahala ambapo hakuna wa kupita na kuchomoa waya kwa sababu kaona haya."

Neno lile, haya, lilinipata kama jiwe. Alikuwa amelisema hivi hivi tu, akimkusudia mwengine.

"Makampuni hayo yapo, dada," Ayoub akasema. "Nitakuletea matatu uchague."

"Mletee Baba. Mimi sitakuwepo hapa."

Nikageuka kutazama juu. Dirisha lilikuwa limeshafungwa.

*

Alitoka na mkoba mmoja. Amevaa buibui, uso umefunikwa, kompyuta yake ndogo kaikumbatia kifuani.

"Baba, nichukue."

"Wapi?"

"Kwako. Mjini."

"Yusra, mwanamke hukalia eda pale alipofiwa."

"Mwenye udhuru huhama. Wewe ndiye uliyenisomea kitabuni, mie mtoto. Basi mie nna udhuru. Siwezi kulala nyumba moja na mtu aliyeniua mara ya pili akanitizama usoni."

Ghanim akaingia kati. "Shemeji, tafadhali. Watu watasema tumekufukuza. Hata arubaini bado."

"Watu waseme."

"Na singo atachanganya nani?" nikauliza. Nilijua swali lile ni la mwoga. Nilikuwa natafuta sababu ya kumbakisha isiyokuwa ukweli.

"Sijui. Labda hapatakuwa na singo. Labda nitaandika kwa maharusi wote kwamba nimeshindwa, nikiwapata." Sauti ikamkatika, akaishika. "Lakini kwako ninajua kitu kimoja, Baba. Kwako hakuna mkono utakaogusa changu bila ya kuniuliza."

Nilitazama chini. Viatu vyangu vilikuwa vimeng'aa. Kila asubuhi navipiga rangi, tangu nilipopata meza yangu ya ukarani. Nikavitazama viatu vile, nikaona aibu kuwa ndani yake.

Bi Bahiya alikuwa ametoka jikoni. Alisimama nyuma ya Yusra, mikono imeoshwa mpaka viwiko. Alimtazama mwanangu mgongo, kama mtu anayetazama jahazi la mwisho... hapana, simpambi. Alimtazama kama mama.

Kisha akanitazama mimi. Akatikisa kichwa, kidogo tu. Sikujua maana yake. Usimchukue? Au usiseme?

"Mzee," Ghanim akasema, "wewe ndiye baba. Toa neno. Anakwenda au anabaki?"

Lilikuwa swali la neno moja. Ningeweza kusema, "Anabaki, kwa sababu anayestahili kuchukiwa ni mimi." Mwanangu angevua buibui lake, angemwangukia mkwewe kifuani, na mimi ningerudi kwangu Mkunazini peke yangu. Duka lingekufa au lingepona, lakini wale wanawake wawili wangebaki pamoja mbele ya kinu.

Au ningesema neno jengine, nikaondoka na mwanangu.

Nina umri huu, na nyumba yangu ina kikombe kimoja mezani. Talal alipokuwa hai, Yusra alikuwa akija Ijumaa moja, akikosa mbili. Leo anasimama mbele yangu na mkoba, anasema nichukue. Nani aliyewahi kuniambia nichukue?

Nikanyoosha mkono, nikaupokea mkoba.

"Twende, mwanangu," nikasema.

Ghanim akashusha pumzi. Yusra akapiga hatua kunifuata bila kugeuka. Tukafika mlangoni. Nikaweka mkono kwenye komeo.

Nyuma yetu Bi Bahiya akasema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayejisemea mwenyewe, ambaye amevumilia mpaka mwisho wa uvumilivu wake.

"Mbarouk. Sikukubebea ili uninyang'anye."

Hakuniita Bwana.

Yusra akasimama. Akageuka taratibu, akalifunua buibui usoni. Akamtazama mkwewe, akanitazama mimi, akautazama mkoba wake ulioko mkononi mwangu.

"Amekubebea nini, Baba?"